Kimo

Kipsoi, usinionyeshe tena picha hiyo kwenye simu,
Mini imelala chini kama mjusi juani,
matairi yameingia ndani ya mbavu.
Ni nzuri, sikatai.
Lakini picha haina matuta,
na wewe unakaa Kiamunyi.

Lete gari hapa, kwenye simiti iliyo sawa.
Pale kando pana mteremko,
maji ya betri hukimbilia huko.
Kwanza upepo: tairi nne, moja moja,
maana tairi tepetevu husema uongo kuhusu kimo.
Kisha tulisukume mbele kidogo, nyuma kidogo,
likae lenyewe, lisahau jeki.
Gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi
ni kama mtu aliyeamshwa ghafla:
usimuulize kitu.

Sasa utepe. Kutoka kitovu cha gurudumu
kwenda juu, hadi ukingo wa bodi.
Ndiyo, huitwa kitovu.
Mbele kushoto, mia tatu na tano.
Mbele kulia, mia mbili tisini na mbili.
Umeona? Linachechemea na limesimama.
Aliyelishusha alikata kile chuma chenye umbo la tarumbeta
kwa msumeno, akakadiria kwa jicho,
akala hela zako.

Ingiza mkono huku ndani.
Kuna kidonge cha mpira, kinangoja kugongwa
siku ya shimo kubwa tu.
Kidole kinapita hapo katikati?
Hata cha mwisho hakipiti.
Basi wewe hukuwa na springi, Kipsoi,
ulikuwa na toroli.
Na hili bomba la breki, ona, tairi imelikwangua
limebaki ngozi ya kitunguu.
Salgaa ungeishuka na nini? Na sala?

Nimechongewa tarumbeta mpya pale Viwandani,
zina nyuzi na nati.
Zungusha, linapanda. Rudisha, linashuka.
Hakuna tena kukata. Kukata hakuna kurudi.

Lakini gari halipimwi tupu.
Jaza petroli. Weka nyuma lile gunia la viazi vya Molo
unalobeba kila Ijumaa.
Na mama yako, kule kwenye kiti cha plastiki,
mkoba juu ya magoti, hajasema neno tangu asubuhi:
Mama Tabutany, samahani, naomba uketi ndani.

Akaenda upande wa usukani.
Miguu ndiyo iliyompeleka, si yeye.
Miaka ishirini na sita alikiendesha kigari hiki
usiku, kwa wazazi wa Subukia na Bahati,
tope hadi madirishani,
na hakijawahi kumlaza njiani
ila mara moja, na hiyo ilikuwa ng'ombe.

Nikapiga magoti na utepe.
Nikasoma. Nikasoma tena.
"Limekwama?" ukaniuliza.
Halikuwa limekwama.
Lilishuka milimita tatu tu.
Springi hazijui adabu,
zinasema uzito wa mtu mbele ya mwanawe.
Ukageuka ukatafuta spana
uliyokuwa umeishika.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kimo:
mia tatu na kumi, kidonge kina nafasi ya vidole viwili,
tairi haigusi hata usukani ukikatwa wote.
Salama. Na bado ni zuri, ungepiga picha yako.

Ndipo mama akajaribu kutoka.
Akashika mlango. Akashika paa.
Akarudi kiti, akapumua, akacheka kidogo.
"Fundi," akasema, "lipandishe.
Mimi si wa kuchimbuliwa kama kiazi."

Tukazungusha nati, Kipsoi, mimi na wewe,
upande huu, upande ule, tukihesabu kwa sauti,
tukisukuma, tukipima, tukimwomba atoke tena,
hadi akatoka bila kushika kitu.

Mia tatu ishirini na tano.
Nimeandika kwa chaki ndani ya mlango.
Ikifutika, usinipigie simu.
Muulize goti lake.